Dawa iko, sheria iko: nani atazifikisha Mpofi?

Maneno ya mmoja wetu mbele ya vijana, wamama na wazee, Mpofi, tarehe 19 Juni 2024, siku ya kimataifa ya ugonjwa wa SS. Tumeyaandika vile yalivyosemwa.



Najua wengine mumetembea tangu asubuhi. Najua pia kati yetu kuna watu waliokimbia vijiji vyao na hawajui watarudi siku gani. Kwa hiyo sitawachelewesha. Niko na mambo mawili: la kwanza liko ndani ya damu, la pili liko ndani ya karatasi. Mukinivumilia, mutaona kwamba hapa kwetu hayo mawili yanashikana.

Nianze na damu.

Dada yangu alizaa mtoto wa kwanza, mtoto mzuri, mzito. Alipofikisha miezi saba hivi, mikono na miguu yake ikaanza kuvimba. Macho yakawa ya njano. Usiku alikuwa analia kilio ambacho hata ukimbeba hakinyamazi. Watu wakaanza kusema. Mmoja akasema amepewa sumu. Mwingine akasema ni kwa familia ya mama, kuna bibi mmoja pale. Wakampeleka kwa maombi, wakampeleka kwa mwenye dawa za majani, pesa ikaisha. Mtoto alikufa na miaka mitatu. Tulimzika bila kujua jina la ugonjwa wake. Na yule bibi, ambaye hakufanya kitu, aliishi miaka yake ya mwisho bila mtu wa kumsalimia.

Wa pili alipoanza kuvimba mikono, dada yangu hakusikiliza mtu. Alimchukua mpaka mahali penye laboratware, wakapima damu, wakamwambia: mama, huyu ni SS. Leo huyo mtoto ana miaka sita. Anaugua, lakini yuko. Tofauti ya hao wawili haikuwa pesa, sababu dada yangu hakutajirika kati ya mimba mbili. Tofauti ilikuwa jina. Ukijua jina la ugonjwa, unajua mlango wa kugonga.

Sasa SS ni nini? Sisi tunasema SS, Wafaransa wanasema drépanocytose, wenzetu wa Tanzania wanaita selimundu. Hilo jina la Tanzania linaeleza vizuri. Seli nyekundu ya damu kwa kawaida ni ya mviringo, laini, inapita kwenye mishipa midogo bila shida. Ya mgonjwa wa SS inajikunja kama mundu. Inakuwa ngumu, inaziba njia, na mahali inapoziba ndipo maumivu yanaanzia: mifupa, kifua, tumbo. Tena haikai muda mrefu, inavunjika haraka, na ndiyo sababu mtoto anakosa damu na macho yanakuwa ya njano.

Inatoka wapi? Inatoka kwa baba na mama wote wawili. Kila mtu anapokea sehemu mbili, moja kwa baba, moja kwa mama. Mwenye AA hana kitu. Mwenye AS anaibeba, lakini kwa kawaida ni mzima, analima, anacheza mpira. AS akioana na AS, kila mimba iko na nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto SS. Kila mimba, si kila familia. Watu wanaweza kuzaa wawili wazima halafu wa tatu akawa mgonjwa, ndipo wanaanza kutafuta mchawi. Wababa, nawaomba: musimfukuze mama kwa ajili ya damu. Bila sehemu yenu, mtoto hawezi kuwa SS.

Na kwa nini hii kitu haikuisha kwetu? Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye AS analindwa kiasi fulani na malaria kali. Mahali malaria iliua watoto wengi kwa karne nyingi, watoto wenye AS walibaki hai zaidi, wakakua, wakazaa. Si laana. Ni mbu. Huko Kinshasa daktari Léon Tshilolo na wenzake walipima damu ya watoto wachanga zaidi ya 31,000 na kutangaza matokeo mwaka 2009: wenye SS walikuwa asilimia 1.4, wenye AS karibu asilimia 17. Chukueni hesabu hiyo ya mji mkuu, muangalie watu wa mtaa mmoja tu. Hili si jambo la familia mbili tatu zenye bahati mbaya.

Sasa nawapa habari ambayo wengi wenu mumeiona kwa simu bila kuielewa. Mwezi wa 11 mwaka 2023 Uingereza ilikubali dawa inayoitwa Casgevy, ya kwanza duniani ya namna yake. Tarehe 8 Desemba mwaka ule Marekani nayo ikakubali. Si kidonge, wala maji ya sindano kutoka kwa duka. Dawa yenyewe ni seli za mgonjwa mwenyewe, zimetolewa, zimerekebishwa, zimerudishwa.

Inafanya kazi namna hii. Mtoto akiwa tumboni anatumia hemoglobini ya utotoni, ambayo haikunji seli. Ndiyo sababu mtoto wa SS anazaliwa akionekana mzima, na shida inaanza miezi kadhaa baadaye. Baada ya kuzaliwa, mwili unafunga ile ya utotoni na kufungua ya ukubwa, na ya ukubwa ndiyo iliyoharibika. Wataalamu waliuliza: tukifungua tena ile ya utotoni? Wakatafuta kufuli. Iko kwenye jeni inayoitwa BCL11A. Wanatoa kwa mgonjwa seli shina, zile zinazozaa seli zote za damu, wanazipeleka laboratware, na kwa chombo kinachoitwa CRISPR wanakata pale pale kwenye kufuli. Elimu ya chombo hicho ndiyo iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel mwaka 2020. Kiisha mgonjwa anapewa dawa kali ya kuondoa seli za zamani ndani ya uboho wa mifupa, halafu zake zilizorekebishwa zinarudishwa kwa mshipa. Zikishika, zinaanza kutoa damu isiyojikunja.

Mama mmoja Mmarekani mweusi, Victoria Gray, wa jimbo la Mississippi, alikuwa wa kwanza wa SS kupewa hii huko Marekani, mwaka 2019. Amesema habari zake mwenyewe hadharani: maumivu yaliyomfunga kitandani tangu utoto yaliondoka. Na kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha kabla Marekani haijakubali, 29 walimaliza angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu.

Lakini nisiwadanganye. Bei yake huko Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Sitaigeuza kuwa ng'ombe wala magunia ya maharagwe, munaona wenyewe. Tena ile dawa kali inaweza kuharibu uzazi, na mgonjwa anakaa majuma hospitalini ndani ya chumba safi sana, sababu kwa muda hana kinga. Hospitali za namna hiyo hazipo barabara hii ya Masisi na Walikale, ambako hata damu ya kuongezwa mtu ni kutafuta. Kwa hiyo mtu akija hapa na chupa, akisema anauza seli za kuponya SS, mujue ni mwizi. Mumrudishe alikotoka na chupa yake.

Mtaniuliza: basi kwa nini unatuletea habari ya kitu tusichoweza kupata? Kwa sababu mbili.

Ya kwanza: ugonjwa ambao watu wameuona mpaka mahali pa kukata, si uchawi. Mchawi hakatwi kwa laboratware. Siku hiyo habari itakapoingia ndani ya kila nyumba, yule bibi wa familia yetu na wengine kama yeye watakaa kwa amani.

Ya pili: kati ya dola milioni 2.2 na mikono mitupu, kuna katikati. Wengi hawaambiwi hiyo katikati. Iko dawa ya kumeza inaitwa hidroksiyurea. Nayo inasaidia mwili kutoa zaidi ile hemoglobini ya utotoni. Haiponyi, lakini inatuliza. Na haikujaribiwa Ulaya tu. Utafiti unaoitwa REACH uliwatibu watoto 606 katika miji minne: Luanda kule Angola, Kinshasa kwetu, Kilifi kule Kenya, na Mbale kule Uganda. Jina la kwanza kwenye ripoti yake ni la yule yule daktari Tshilolo. Matokeo yalitangazwa mwezi wa 12 mwaka 2018. Maumivu yalipungua zaidi ya nusu. Malaria ilipungua nusu. Kuongezwa damu kulishuka mpaka theluthi moja. Na vifo: kwa kila watoto 100 katika mwaka, vilitoka 3.6 vikafika 1.1.

Watoto wa Kongo walitoa damu yao ili dunia ijue hilo. Kujua kukatoka kwao. Sasa dawa yenyewe iko wapi? Hiyo ndiyo swali la leo, na hapo ndipo ninaingia kwenye karatasi.

Wandugu, dawa haitembei kwa miguu yake. Ili ifike kwa santé ya kijiji, lazima karatasi fulani iseme: hii iko kwenye orodha, hii inalipwa na fulani, hii inapimwa kwa mtoto mchanga. Na hizo karatasi zinabadilika. Sheria si jiwe. Ni kama barabara yetu hii: uliipita mwezi jana, mvua ikanyesha, leo ukipita na akili ya mwezi jana unaingia kwenye matope.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, artikle ya 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Sawa. Tarehe 13 Desemba 2018 ikatoka sheria namba 18/035, inayopanga afya ya watu wote. Wengi wa wanaharakati tuliishika hiyo, tukaibeba kwenye mifuko. Kumbe tarehe 3 Machi 2023 ikabadilishwa na kuongezwa kwa ordonnance-loi namba 23/006, kwa ajili ya ule mpango wa afya kwa wote. Nami nilibaki nikisoma watu karatasi ya 2018 kama mtu anayehesabu pesa zilizobadilishwa. Halafu mwezi wa 9 mwaka ule ule serikali ikaanzisha Kinshasa mpango wa kujifungua bila kulipa, pamoja na kutunza mtoto mchanga. Mama wa Mpofi anajua hilo? Anajua kama limefika kwa zone yetu ya afya au bado? Nani alimwambia?

Mufikiri kidogo. Mtoto mchanga ndiye anayepaswa kupimwa SS, kabla mikono haijavimba. Kama kuna mpango unaosema mtoto mchanga atunzwe, tunaweza kuuliza: na kipimo cha SS kiko ndani? Lakini huwezi kuuliza juu ya karatasi ambayo hujui kama ipo.

Niwape mfano mwingine, huu munaujua kwa mwili wenu. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya état de siège. Katiba, artikle ya 144, inaruhusu siku 30, halafu kurefusha siku 15, tena siku 15. Hesabuni wenyewe ni karatasi ngapi katika miaka mitatu. Raia wamehukumiwa mbele ya tribinali za kijeshi kwa nguvu za karatasi hizo. Ni nani kati yetu hapa ameona hata moja kwa macho? Mtu hawezi kuheshimu wala kudai kitu ambacho kinabadilika mgongoni mwake.

Na hapa niko na artikle moja ambayo nawaomba vijana muishike kwa kichwa: artikle ya 142. Inasema sheria inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kutangazwa kwa Journal officiel, isipokuwa yenyewe ikisema vingine. Na inaendelea: serikali inapaswa kuieneza kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu rais aliposaini. Lugha nne: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Donc, sheria kwa Kiswahili si zawadi tunayoomba. Ni deni. Nionyesheni aliyeletewa sheria ya afya kwa Kiswahili hapa Mpofi. Ninyamaze nimngoje.

Hakuna. Sawa.

Nchi nyingine wamefanya nini? Kenya wana Kenya Law, Tanzania wana TanzLII, Uganda wana ULII. Ni kanzidata, yaani ghala la maandishi ndani ya kompyuta, na mlango wake uko kwa intaneti, bila kulipa. Kanzidata nzuri ya sheria haihifadhi tu sheria. Inafuatilia. Inakuonyesha: hii artikle ilikuwa hivi, tarehe fulani ikabadilishwa na sheria fulani, leo inasomwa hivi. Mtu akikamatwa kwa kosa la mwaka jana, anaweza kuona sheria ilisema nini mwaka jana. Kwetu pia kuna mikusanyo, kama Leganet, na mwenye simu na mega anaweza kuifungua. Lakini ni Kifaransa cha waanasheria, na mtandao wenyewe munaujua: mpaka upande kilima.

Basi tufanye nini? Sikuja kuwaambia mungoje Kinshasa. Hatuwezi kutengeneza seli hapa Mpofi. Lakini kufuatilia sheria tunaweza, na kalamu.

Tununue kaye moja, ile kubwa ya mistari. Tuchore safu tano. Ya kwanza: tarehe. Ya pili: jina na namba ya sheria. Ya tatu: imebadilisha nini, kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni anaelewa. Ya nne: nani anapaswa kuitekeleza hapa kwetu. Ya tano: tulimuuliza siku gani, akajibu nini. Kijana mmoja anayepanda kilima kutafuta mtandao aangalie mara moja kwa juma. Wawili waliosoma watafsiri. Jumapili, watu wakitoka kwa ibada za makanisa yote, mmoja asome dakika tano. Hiyo ndiyo kanzidata yetu. Siku umeme na mtandao vitakapofika, tutaiingiza kwa kompyuta, kazi itakuwa imefanyika.

Ile safu ya tano ndiyo yenye nguvu. Tukienda kwa CODESA, tukienda kwa daktari mkuu wa zone, hatuendi na kelele. Tunaenda na namba, tarehe, na maswali matatu. Kipimo cha SS kwa watoto wachanga kiko kwa mpango wa zone yetu? Hidroksiyurea iko kwenye orodha ya dawa, na kama iko, tunaipata wapi na kwa bei gani? Mtoto SS akikosa damu usiku, anapelekwa wapi? Jibu lolote, hata «sijui», linaandikwa. Sina nia ya kuwashambulia waganga wetu. Wengi wamebaki hapa wakati risasi zinalia, na wengine hata mshahara hawauoni. Karatasi ikiwa mkononi mwetu, inawasaidia na wao kudai juu.

Neno moja la tahadhari. Kaye ya sheria ni ya watu wote, isomwe kwa sauti. Lakini majina ya wagonjwa hayaingii ndani yake, na hayaingii kwa grupu ya WhatsApp. Damu ya mtu ni siri ya mtu. Binti akipimwa akakutwa AS, asifike mahali pa kukosa mume kwa ajili ya midomo yetu.

Na vijana munaotaka kuoana, pimeni kabla. Mujue pia kwamba kile kipimo cha Emmel kinaonyesha kama seli zinajikunja tu, hakitenganishi vizuri AS na SS. Ombeni kipimo kinachotenganisha. Mukiwa AS wawili, sikatazi ndoa, ni yenu. Lakini muingie macho wazi, na mtoto apimwe mapema.

Kwa wazazi wenye mtoto SS leo hii: maji mengi, neti kila usiku, chanjo zote, na homa isingoje kesho. Hayo hayagharimu milioni.

Nimalizie na wale wanaonyooshea watoto kidole. Katiba, artikle ya 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na inasema sheria inaadhibu. Hiyo imeandikwa tangu 2006. Mtoto wa kwanza wa dada yangu alikuwa analindwa na karatasi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, na ugonjwa wake ulikuwa na jina ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua. Vyote viwili vilikuwapo. Havikufika.

Kaye nimeileta, hii hapa. Mstari wa kwanza nimeandika artikle ya 142. Nani ana kalamu, aje tuandike wa pili.